Vumbi la mawe: kipimo cha ukutani hakitoshi

SWALI: Karakana yetu hukata mawe kwa mashine. Kipima hewa kidogo ukutani kinaonyesha mikrogramu 40 za vumbi laini. Kikomo cha silika (madini ya kwenye mawe ambayo vumbi lake hudhuru mapafu) Marekani ni 50. Je, tuko salama?

JIBU: Namba hizo hazilinganishwi. Kifaa hicho hukadiria vumbi kwa mwanga. Hakitambui silika, tena kiko mbali na pua ya mkataji. Kikomo cha mikrogramu 50 kwa mita ya ujazo ni wastani wa saa 8 wa silika ya fuwele inayofika ndani kabisa ya mapafu.

Mfungeni mkataji pampu kiunoni, na kwenye ukosi sikloni ya nailoni (kikopo kidogo kinachozungusha hewa ili kutenga vumbi nene) yenye kichujio cha plastiki ya PVC, isizidi sentimita 30 kutoka puani. Pampu ivute lita 1.7 kwa dakika. Kwa saa 8 ni lita 816. Pimeni mvuto huo kabla na baada. Ukitofautiana zaidi ya asilimia 5, msiitegemee sampuli hiyo. Sikloni isipinduliwe kamwe, hata wakati wa kuivua: vumbi nene lililotuama chini litaangukia kichujio na kuongeza uzito wa uongo. Maabara ipelekewe pia kichujio kisichotumika, cha kulinganishia.

Msisubiri majibu ndipo muanze kukata kwa maji. Anzeni leo.