Kurasa 120 za kuku, nakala nne: mimi nilikosea hivyo hivyo Busia

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini mwongozo wako wa kufuga kuku wa mayai, kurasa 120 kwa shilingi 40,000 za Uganda, umeuza nakala nne tu tangu Krismasi, na kama uongeze pesa za matangazo. Tafadhali usiongeze kwanza. Nisikilize yaliyonipata, maana nilipoteza karibu mwaka mzima.

Nimevusha mahindi na maharage pale Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, kwa miaka tisa. Watu walikuwa wananisimamisha kila siku kuniuliza habari za makaratasi, kwa hiyo mwishoni mwa 2020 nikaamua kuandika PDF niiuze kwa simu. Nikajaza kila kitu: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivyoanza, kusajili kampuni, kodi, mikopo, hata namna ya kuongea na mteja. Niliamini mtu akiona unene ataikubali bei.

Wale walionisimamisha walikuwa na swali moja tu: "Nina magunia kumi, ni lazima nimlipe wakala wa forodha?" Na jibu ni fupi. Bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya, ikiwa kwenye orodha ya bidhaa ambayo nchi zimekubaliana na thamani yake haizidi dola 2,000, inavuka kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Ofisa wa forodha anakigonga mhuri palepale mpakani, hulipi ushuru wa forodha, na wakala si lazima. Kwa mahindi, wakati huo kilichoongezwa ni cheti cha afya ya mimea tu. Basi. Kwenye PDF yangu jibu hilo lilikuwa ukurasa wa 61.

Nilikuja kuelewa siku mama mmoja aliyenunua nakala aliponiita kwenye kibanda chake. Akanipa simu yake, kioo kimepasuka kona. Faili ilikuwa nzito kwa sababu ya picha nilizoskani, ikachukua muda kufunguka. Akaanza kuvuta maandishi kwa vidole viwili ili yakue, mstari ukatoka nje ya kioo, akaurudisha, ukatoka tena. Jua kali, akakinga simu kwa kiganja. Baada ya kurasa kama sita akaiweka chini akasema, "Mwanangu, nionyeshe tu fomu iliyojazwa." Nikachukua fomu, nikaijaza mbele yake kwa kalamu. Akaipiga picha, akaniambia, "Hii ndiyo ningenunua."

Nikafanya hivyo. Picha moja ya fomu iliyojazwa, kila kisanduku kina namba, na sauti ya dakika nne inayoeleza namba moja hadi ya mwisho. Kwanza kwa Kiswahili, halafu mwenzangu akairekodi kwa Kisamia, lugha ya watu wa Busia. Bei shilingi 5,000. Kwa wiki mbili tu, hiyo iliuza nakala nyingi kuliko ile PDF kwa miezi yake yote. Na uzito wa faili usiuone mdogo: hapa Uganda tangu Julai 2021 intaneti inatozwa ushuru wa asilimia 12, na mnunuzi wetu hununua kifurushi cha siku moja moja. Akishamaliza MB zake kupakua kitabu chako, amekilipia mara mbili.

Kosa lingine lilikuwa kuandika kama vile mambo hayabadiliki. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka. Baada ya siku chache ikaruhusu tena, lakini kwa masharti mapya: waagizaji wasajiliwe, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi kiwango kilichowekwa. Sura yangu ya mahindi ikawa haifai, na watu walikuwa nayo mkononi. Nilikesha nikiwaandikia wanunuzi mmoja mmoja, na wengine sikuwa nimehifadhi namba zao. Iliniuma sana, kwa sababu mtu angeweza kupakia lori kwa maneno yangu. Tangu hapo kila ninachouza kina tarehe juu kabisa, na kila aliyelipa anapata toleo jipya bure.

Kuhusu kunakiliwa, ambako umeandika kwa uchungu: ndiyo, wataisambaza kwenye makundi ya WhatsApp. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 inakulinda tangu kazi inapoandikwa, hata kabla ya kuisajili. Lakini mimi niliweka nywila kwenye faili, na waliokwama ni wateja wangu wa halali waliosahau nywila.

Sasa kuku wako. Umesema mwenyewe kwamba wanaokupigia simu wengi ni wale ambao vifaranga vinawafia. Basi anzia hapo. Toa sehemu ya wiki nane za kwanza tu, uiuze peke yake. Na ubadilishe lugha yake: umeandika joto la wiki ya kwanza liwe nyuzi 32 hadi 35, ni sahihi, lakini anayewasha sigiri ya mkaa bandani usiku hana kipimajoto. Mwambie atazame vifaranga. Vikijibana pamoja karibu na moto, vina baridi. Vikikimbilia kuta vikihema midomo wazi, joto limezidi. Vikitawanyika na kula kwa utulivu, aende akalale. Ratiba ya chanjo za magonjwa ya mdondo na Gumboro ipitiwe na daktari wa mifugo kabla hujaiuza, hata kama wewe umefuga miaka kumi. Na ile ahadi ya jaladani ya milioni mbili kwa mwezi, ifute leo. Bei ya chakula cha kuku huipangi wewe, na mtu akiuza mbuzi wake kwa ahadi hiyo kisha akapata hasara, jina lako halitarudi.

Andika kwanza ukurasa mmoja wa dalili za joto, kwa herufi kubwa, uutume hapa. Shemeji yangu wa Tororo ameingiza vifaranga 200 juzi na simu yake ni ndogo. Nitampa ausome mbele yangu, nikuandikie anakwama wapi.