Enaji chupa nne kwa usiku: kichwa, moyo, figo na usingizi wa mvuvi

SWALI: Habari za kazi, daktari wa dawa. Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, nina miaka 27. Tukiwa ziwani usiku nakunywa enaji chupa nne za mililita 300 ili nisisinzie. Asubuhi tukishashusha dagaa nakwenda kulala, lakini moyo unadunda na usingizi hauji mpaka saa sita mchana. Siku za mbalamwezi hatuvui, na enaji sinywi, ila kichwa kinaniuma vibaya sana. Nimepima malaria mara mbili, haionekani. Nikimeza Panadol Extra mbili kinapoa. Wenzangu wengine wanasema enaji inaua figo, wengine wanasema inaongeza nguvu za kiume. Ukweli ni upi? Mke wangu ana mimba ya miezi mitano, naye hunywa kidogo.

JIBU: Nzuri, ndugu yangu, na pole kwa kazi ya usiku.

Nianze na hicho kichwa, maana kinaeleza mwili wako umefika wapi. Enaji ina kafeini, kichangamsho kilichomo pia kwenye chai na kahawa. Mtu aliyeizoea kila siku akiiacha ghafla, kichwa huanza kumuuma kati ya saa 12 na 24 baadaye. Siku ya kwanza na ya pili ndiyo huwa mbaya zaidi, na maumivu yanaweza kuendelea hadi siku tisa, pamoja na uchovu, hasira za bure na akili kutotulia. Ndiyo maana kinakushika siku za mbalamwezi, na ndiyo maana kipimo cha malaria hakioni kitu. Sasa chukua lile boksi la Panadol Extra usome: kila kidonge kina parasetamoli miligramu 500 na kafeini miligramu 65. Ukimeza viwili umejirudishia kafeini ya karibu chupa moja na nusu ya enaji, kichwa kinanyamaza, na mazoea yanabaki palepale. Ulifanya jambo la maana kupima kwanza. Mkoa wetu una malaria nyingi, na watu wengi wangeumwa kichwa namna hiyo wangekimbilia dawa ya mseto moja kwa moja.

Tuhesabu unachokunywa. Geuza chupa usome maandishi madogo ya nyuma, utafute kafeini kwa kila mililita 100. Nyingi zina miligramu 30 hadi 32. Kwa chupa ya mililita 300 hiyo ni 90 hivi, na kwa chupa nne ni 360. Mwaka 2015 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 kwa siku, na si zaidi ya 200 kwa mpigo mmoja, bila wasiwasi wa kiafya. Kwa hiyo wewe uko ukingoni. Siku utakayoongeza Panadol Extra mbili umefika 490, na hapo sijagusa chai ya rangi unayokunywa asubuhi mwaloni, ambayo kikombe chake kina kafeini ya miligramu 50 hivi.

Lakini saa unazokunywa zinakuumiza zaidi hata ya idadi ya chupa. Kafeini uliyokunywa hupungua hadi nusu baada ya saa tano hivi, na hiyo nusu iliyobaki nayo huchukua muda kama huo kupungua tena. Tuseme chupa ya kwanza unainywa saa tatu usiku, ya pili saa sita, ya tatu saa nane na ya mwisho saa kumi alfajiri. Ukijilaza saa tatu asubuhi, mwilini mwako bado kuna miligramu zaidi ya 100. Ni sawasawa na kunywa chupa nzima ukiwa umeshaweka kichwa kwenye mto. Moyo utaachaje kudunda?

Na hiyo enaji haikupi nguvu. Kadiri unavyokaa macho, ubongo unakusanya kemikali iitwayo adenosini, na ndiyo inayoleta usingizi. Kafeini inawahi nafasi za adenosini, kama abiria aliyewahi viti kwenye treni ya Tabora. Wenye safari bado wapo, wamesimama tu kwenye korido wakisubiri. Kafeini ikiondoka wanakaa wote kwa pamoja. Uchovu wa usiku ule unakuja na ule ulioubakiza jana yake, nawe unaongeza chupa nyingine. Ulianza na ngapi, ndugu yangu? Sidhani kama ulianza na nne.

Kuhusu moyo, kafeini huongeza mapigo na kupandisha presha kwa saa kadhaa. Mwaka 2019 kulichapishwa utafiti wa Marekani uliofanywa kwa watu wazima 34 wenye afya nzuri. Walikunywa karibu lita moja ya enaji ndani ya saa moja. Vipimo vilionyesha presha imepanda na mwenendo wa umeme wa moyo umebadilika kwa saa nne, badiliko ambalo likizidi huweza kuvuruga mapigo. Kwa kijana mzima mwili huvumilia. Hofu yangu ni kwa mwenye presha au tatizo la moyo asilolijua, na hapa kwetu wasiojua presha zao ni wengi mno. Pita zahanati upime, ukiwa hujanywa enaji wala chai tangu jana yake, la sivyo utapata namba ya kafeini na si yako. Na ukipata maumivu ya kifua, kuzimia, kukosa pumzi, au mapigo yanayorukaruka bila mpango, usiende kulala. Nenda hospitali ya Maweni siku hiyohiyo. Kama katika ukoo wenu kuna kijana aliyewahi kufa ghafla bila kuugua, mwambie daktari, na enaji uache kabisa.

Figo sasa. Kwa mtu mwenye figo nzima, kafeini ya kiasi haijaonyeshwa kuziua. Kuna wagonjwa wachache walioripotiwa kuumia figo ghafla baada ya kunywa enaji nyingi mno kila siku kwa wiki kadhaa. Wanaojaza wodi za figo ni wenye presha ya muda mrefu na kisukari, na hapo sukari ya chupa zako inahusika. Enaji nyingi zina gramu 11 za sukari kwa kila mililita 100. Chupa nne ni gramu 132, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 50 hivi kwa siku, na ikiwezekana 25. Jambo la pili ni diklofenaki. Wavuvi wengi huja dukani kununua vidonge hivyo kwa ajili ya mgongo, wakavimeza kila siku wakiwa hawajanywa maji ya kutosha. Hiyo inaumiza figo kweli. Kama nawe una mtindo huo, huo ndio wa kuacha kwanza.

Ini halisemwi sana mitaani, ila mwaka 2016 madaktari wa Marekani waliripoti fundi ujenzi wa miaka 50 aliyekuwa akinywa chupa nne hadi tano kila siku kwa zaidi ya wiki tatu, akalazwa na homa kali ya ini. Walishuku vitamini B3 iliyomo kwa wingi kwenye vinywaji hivyo, ingawa alikutwa pia na virusi vya homa ya ini C. Mtu mmoja si ushahidi wa wote, lakini chupa zake ni kama zako.

Nguvu za kiume enaji haiongezi. Kukosa usingizi ndiko kunakoshusha homoni ya kiume, kwa hiyo anayekunywa asilale anajipunguzia. Na ukiona enaji "inafanya kazi" hiyo, ogopa. Mwanzoni mwa 2019 wenzetu wa Zambia, tunaopakana nao ziwani, walitangaza kwamba kinywaji kimoja kilichotengenezwa Ndola kimekutwa na sildenafili, dawa ya kusimamisha uume, ambayo haikuandikwa kwenye lebo. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti, sildenafili inaweza kuua.

Wanaochanganya enaji na konyagi nao niwaseme. Pombe haipungui hata tone. Kinachofichwa ni usingizi tu, mtu anajiona mzima huku miguu na maamuzi vimelewa. Juu ya boti, usiku, hilo halifai hata ukiwa umevaa jaketi okozi.

Siku unazotumia dawa, simamisha enaji. Siprofloksasini, ambayo wengi hupewa kwa U.T.I., huchelewesha mwili kuondoa kafeini, hivyo chupa moja inakaa kama mbili. Mseto nao unagusa umeme wa moyo kidogo. Umeze na chakula chenye mafuta, mgebuka wa mawese unatosha kabisa, na maji ya kawaida.

Namna ya kupunguza: usiache kwa siku moja, kichwa kitakurudisha dukani. Kunywa tatu kwa siku nne au tano, kisha mbili, kisha moja, na ya mwisho isivuke saa sita usiku. Siku za mbalamwezi za mwezi huu kunywa nusu chupa asubuhi badala ya kukata ghafla, na kichwa kikiuma tumia parasetamoli ya kawaida, isiyo na neno Extra. Mchana, kabla ya kuingia ziwani, lala kwa muda wa saa mbili. Panganeni na wenzako, wakati taa zinavuta dagaa na nyavu hazijavutwa, kila mmoja apate dakika 20 za kusinzia huku mwingine akiangalia. Beba maji, na ule ugali kamili kabla ya kutoka.

Mkeo asinywe kabisa. Kafeini inapita kwenye kondo hadi kwa mtoto, ambaye hana uwezo wa kuivunja, na mwili wa mama mwenye mimba kubwa unaweza kuchukua hadi saa 15 kupunguza nusu yake. Kikomo cha mjamzito ni miligramu 200 kwa siku, na chai yake peke yake inaweza kumfikisha nusu. Kama anainywa kwa sababu anajisikia mchovu, kliniki wampime wingi wa damu. Uchovu wa mimba ya miezi mitano mara nyingi ni upungufu wa damu, na hapo anahitaji vidonge vya madini chuma. Ukishapima presha niandikie namba zote mbili, ya juu na ya chini.