Wanaoniomba pesa kasino kila nikishinda, nifanyeje?
Ndugu yangu umesema ukivuka kwenda Dar ukaingia kasino, ukishinda kidogo tu washakuzunguka, "bosi nisaidie chipu mbili" (vile vidude vya kuchezea badala ya pesa), na wewe haya zetu hizi za Kiunguja zinakushika unatoa. Usitoe. Hata moja. Ukimpa mmoja wenzake wote wanaona na kesho wanakungojea mlangoni, na pesa yenyewe wallahi hali nayo chakula, inarudi mezani palepale, ruleti (lile gurudumu la namba lenye kijimpira) ya sifuri moja ina namba 37 na ukipatia namba moja unalipwa 35 kwa 1, wakati haki ingekuwa 36, sasa hapo nani anapona? Mimi nilimpa jamaa nauli ya boti arudi Malindi ya Unguja, nusu saa nyingi namuona anaichezea, iliniuma sana.

Sema tu "samahani kaka, sitoi" basi, usieleze sababu maana ukieleza ndo mazungumzo yashaanza. Aking'ang'ania muite mlinzi au msimamizi wa meza, ndo kazi yao. Chipu usizirundike mbele yako, nyingine peleka kwa keshia mapema, na ukitoka usiku muombe mlinzi akufikishe mpaka kwenye teksi, watu walokuona unahesabu noti usiwaamini hata kidogo.