Mguu umeteguka, nani kasema uvutwe?

SWALI: Shikamoo dokta. Juzi kwenye mpira niliruka kupiga kichwa nikatua vibaya, mguu ukapinda kwa ndani na kifundo kikavimba hapo hapo. Jamaa mmoja akasema umetoka mahali pake, akaushika akauvuta, nilipiga ukelele uwanja mzima ukageuka. Nyumbani wakanikanda maji ya moto na kunichua, sasa umevimba zaidi na una rangi ya bluu. Natembea kwa kuchechemea. Umevunjika? Niendelee kukanda?

JIBU: Marahaba. Acha kukanda leo leo. Mguu ukipinda hivyo kano za upande wa nje zinavutika au kuchanika, damu inavujia ndani, sasa ukiongeza moto na kuchua mishipa inafunguka na damu inazidi kuvuja, ndo maana umeamka na mguu mnene kuliko ulivyolala nao. Kwa siku mbili tatu za mwanzo dawa ni baridi. Barafu ifunge kwenye taulo (ukiiweka kavu kavu inaunguza ngozi), dakika 15 hadi 20, pumzika saa mbili tatu halafu rudia. Mguu uinue juu kuliko moyo, maana yake ulale chali na mito chini ya mguu, ile ya kukaa kwenye kochi mguu ukiwa juu ya stuli haitoshi. Bandeji anza kuizungusha karibu na vidole ukipanda juu, vidole viache wazi. Ukiona vinapoa, vinakufa ganzi au vinabadilika rangi, fungua uanze upya, umekaza mno.

Ile bluu isikutishe, ni damu iliyovuja, inaweza hata kushuka mpaka vidoleni. Na yale maneno ya vijiweni kwamba ukichezesha vidole basi haujavunjika, achana nayo, watu wanachezesha vidole na mfupa umevunjika. Jipime hivi: unaweza kukanyaga hatua nne, hata kwa kuchechemea? Halafu bonyeza kile kifupa kinachojitokeza pembeni mwa kifundo, nchani na ukingo wake wa nyuma, pande zote mbili, kisha bonyeza katikati ya ukingo wa nje wa wayo. Kama hatua nne zinakushinda, au maumivu yapo kwenye mfupa wenyewe, nenda ukapigwe eksirei. Kama siyo hivyo, ukishapata nafuu anza kuuchezesha taratibu, andika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, kwa sababu kuulaza wiki nzima kunaukakamaza.

Huyo jamaa wa kuvuta sasa. Kiungo kikitoka kweli, pembeni yake kuna neva na mishipa ya damu, na anayevuta bila kujua anaweza kuikata, tena huenda hakijatoka bali mfupa umevunjika. Acha kama kilivyo, funga banzi (hata gazeti lililokunjwa nene linafaa) lipite kiungo cha juu na cha chini ya penye jeraha, msikinyooshe, mpelekeni hospitali. Mfupa ukitokeza nje msiurudishe ndani, funikeni kwa kitambaa safi, damu izuieni kwa kubana pembeni yake. Na chai ya kumtuliza msimpe, akihitaji nusu kaputi tumbo lililojaa ni balaa.

SWALI: Usiku kigimbi kinanibana mpaka nalia, na huu nao nisiuvute?

JIBU: Huu vuta! Hapo ni msuli tu umekaza. Nyoosha goti, shika vidole vya mguu uvivute kuja kwako polepole mpaka uachie, kuchua pia ruksa, na maji ya moto ukitaka. Ila kigimbi kimoja kikivimba, kikawa cha moto na maumivu hayaondoki, usichue kabisa, huenda ni damu imeganda kwenye mshipa, wahi hospitali siku hiyo hiyo.