Nikienda kituoni, nitakuwa nimeshaamua kuachika?

*Shikamoo Shangazi. Nimeolewa miaka 9, tuna watoto wawili. Mume wangu hunipiga. Si kila siku, na akishanipiga huomba msamaha. Familia zetu zimetukalisha vikao, anaahidi, kisha tunarudi palepale. Mwezi uliopita alinikaba koo mpaka nikaona giza. Na usiku akitaka haki yake hasikii neno, hata nikilia. Jirani yangu amenidokezea kuwa kuna kituo kinachosaidia wanawake wenye shida kama yangu, ila naogopa. Wakiniambia niondoke, nitakwenda wapi na watoto? Watanilazimisha kumshtaki? Siri ikivuja je? Mama anasema nivumilie, kila ndoa ina yake. Sijui hata kama langu linafikia kiwango cha kwenda kusumbua watu.*

*Mficha Machozi*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na swali lako, kwa sababu huenda unasoma haya kwa kujiiba na hutafika mwisho. Hapana. Kuingia kituoni si kuomba talaka, wala si kufungua kesi. Unaweza kwenda, ukaeleza, ukarudi nyumbani siku hiyohiyo, na kila uamuzi ukabaki kuwa wako. Wapo wanawake wanaokwenda vituoni miezi mingi huku bado wanaishi na waume zao. Hakuna anayewafukuza kwa kuwa hawajaondoka.

Lakini kabla ya kituo, hebu tuzungumze hilo la koo, maana umelipitisha katikati ya mengine kama jambo la kawaida, na mimi nimeshindwa kulipita. Kukabwa koo mpaka ukaona giza maana yake ubongo wako ulikosa hewa na damu. Mara nyingi ngozi haionyeshi alama yoyote, ilhali ndani kuna madhara. Mishipa ya shingo inaweza kuumia na kusababisha kiharusi siku kadhaa au hata wiki kadhaa baadaye. Nenda hospitali, hasa kama tangu siku ile sauti imekwaruza, unameza kwa shida, kichwa kinauma, unasahau-sahau, au uliona vidoadoa vyekundu machoni, na useme wazi: "Nilikabwa koo." Usiseme ulianguka. Daktari akidhani ulianguka atatafuta ya kuanguka.

Liko na jingine. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kuwa mwanamke aliyewahi kukabwa koo na mwenzi wake ana hatari ya kuuawa na mtu huyo zaidi ya mara 7 kuliko mwanamke anayepigwa lakini hajawahi kukabwa. Ndiyo maana washauri wengi wa vituo hivi huuliza swali la koo. Sikuandikii hili nikutie hofu. Nakuandikia kwa sababu umeuliza kama jambo lako "linafikia kiwango". Limefika, mwanangu. Lilifika zamani.

Na la usiku lina jina pia. Kulazimishwa tendo la ndoa huku unalia ni ukatili wa kingono, hata kama anayekulazimisha ndiye aliyekuoa. Sheria za nchi hazifanani, nyingine zinalitambua kuwa kosa la jinai ndani ya ndoa na nyingine bado. Mshauri wa kituo atakueleza ya nchi yako. Ila huduma ya afya haingoji sheria. Ikitokea tena, ujue saa zina maana: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri, kisha zinamezwa kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi mpaka siku 5, navyo vinataka kuwahiwa. Iko na chanjo ya homa ya ini. Ukidhani huenda siku moja utataka kushtaki, usioge wala usifue nguo zile kabla hujapimwa. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa mfuko wa plastiki hushika unyevu na kuharibu ushahidi. Lakini kama umeshaoga, nenda vilevile. Matibabu hayahitaji ushahidi, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba mgonjwa asinyimwe huduma eti kwa sababu hajaripoti polisi.

Sasa kituo chenyewe. Najua kinachokutisha ni kutojua mlango ukifungwa nyuma yako kitafuata nini. Utaketi na mtu mmoja, chumba cha faragha. Kwa kawaida ataanza na maswali madogo ya usalama: nani anajua uko hapa, unatakiwa kurudi saa ngapi, je ni salama kukupigia simu au anayeipokea ni mwingine? Kisha atakuacha useme. Hutatakiwa kuthibitisha kitu. Huna haja ya kupanga tarehe wala kuonyesha makovu. Ukisema unataka tu mtu akusikilize leo, atakusikiliza. Ukisema unataka kwenda hospitali lakini unaogopa kwenda peke yako, wengi wana watu wa kukusindikiza, hospitali na hata mahakamani. Wapo wanaokuunganisha na wakili bila malipo, na atakueleza habari za amri ya mahakama ya kumzuia mtu asikukaribie, ambayo katika nchi nyingi inaombwa bila kumfungulia mumeo kesi ya jinai wala kudai talaka. Wapo wanaozungumza na watoto, na wako watahitaji hilo. Hata kama hawakuona, walisikia.

Umeuliza kuhusu siri. Hapa sitakupa jibu tamu la kukuridhisha tu. Kituo kizuri hakitoi jina lako kwa mtu bila ridhaa yako, lakini kuna mipaka. Katika nchi nyingi mfanyakazi analazimika kutoa taarifa mtoto akiwa hatarini, na pengine maisha ya mtu yakiwa hatarini wakati huohuo. Kwa hiyo sentensi yako ya kwanza iwe swali: "Kabla sijasema, niambie ni mambo gani huwezi kuyafanya siri." Anayejua kazi yake atakujibu bila kukasirika. Ukishajua mpaka uko wapi, utaamua useme nini na lini.

Na kama siku moja utahitaji pa kulala, zipo nyumba salama. Anwani hazitangazwi, hata ukienda huenda ukaombwa usimwambie ndugu yeyote ulipo, na simu yako izimwe ile sehemu ya kuonyesha mahali. Uliza mapema kuhusu watoto, hasa ukiwa na mvulana mkubwa, kwa kuwa baadhi ya nyumba huweka kikomo cha umri. Uliza pia mtakaa muda gani. Nyumba hizi mara nyingi zimejaa, na ni heri ulijue hilo leo ukiwa na nafasi ya kutafuta nyingine, kuliko usiku wa manane ukiwa umebeba mtoto.

Zilianzishwa na watu kama jirani yako, kwa taarifa yako. Nyumba ya Chiswick jijini London iliyofunguliwa mwaka 1971 ilianza kama mahali pa wanawake kukutana tu, mpaka mmoja akaja na michubuko na hana pa kurudi, akapokelewa. Miaka hiyohiyo wanawake wa Marekani wakaanzisha vituo vya kwanza vya waliobakwa, wengi wao wakiwa wameyapitia wenyewe. Hakuna kati yao aliyeona kuwa anasumbuliwa na wanaokuja kuomba msaada. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021, karibu mwanamke 1 kati ya 3 duniani amepigwa au kulazimishwa kingono na mwenzi wake, au kulazimishwa na mtu mwingine, angalau mara moja maishani. Yule utakayemkuta kituoni amesikia habari kama yako, na bado atataka kuisikia yako.

Niseme pia kwamba si kila kituo kiko sawa. Ukikutana na mshauri anayekuambia siku ya kwanza, "Mlete mumeo tuwasuluhishe," usimlete. Usuluhishi unafaa watu wawili wanaogombana wakiwa sawa. Wewe utasema nini mbele ya mtu aliyekukaba, ukijua mtarudi nyumbani pamoja? Ndicho kilichotokea kwenye vikao vya familia, naamini: aliahidi mbele ya watu, ukalipia nyumbani. Vilevile mshauri akikulazimisha uondoke kesho, au uende polisi kabla hujawa tayari, unaweza kutafuta mwingine. Kumkosa mtu mmoja mwema kusikufanye uache kutafuta msaada.

Mpaka hapo hujaondoka popote, na sitakuambia uondoke leo. Najua kuwa wakati wa kuondoka, na miezi inayofuata, ndio huwa wa hatari zaidi, hasa kwa mwanamke aliyewahi kukabwa. Kwa hiyo usimtishie kwamba utaondoka. Usimwambie kuhusu kituo, wala usimwonyeshe ukurasa huu. Panga na mtu anayeijua kazi hiyo. Mkikaa kupanga, mtazungumza mambo madogo yenye uzito mkubwa: ugomvi ukianza usikimbilie jikoni wala chumba kisicho na mlango wa pili, wewe na jirani muwe na neno moja la kawaida ambalo ukilisema, yeye anaita msaada, watoto wafundishwe kukimbilia kwake na wasijaribu kuamua ugomvi. Vyeti vya kuzaliwa, kitambulisho, kadi za kliniki, dawa unazotumia: toa nakala au piga picha, na uziache kwa jirani. Simu pia. Ukifuta kila kitu kwenye simu yako atashuku, kwa hiyo yanayohusu kituo yafanye kwa simu ambayo haigusi.

Huyo jirani yako, mshukuru kwa niaba yangu. Alikudokezea bila kukuhukumu na hakukusukuma. Wengi wetu tukisikia kilio ukutani tunaongeza sauti ya redio.

Na mama yako. Sidhani kwamba hakupendi. Huenda aliambiwa hivyohivyo na mama yake, na huenda anaogopa utakosa pa kuegemea. Lakini je, umemwambia kuhusu koo? Wanawake wengi huwaambia mama zao "tumegombana" na kuficha mengine ili kulinda heshima ya nyumba, kisha mama anashauri kulingana na alichoambiwa. Ukiona ni salama, na ukiwa na hakika hataenda kumuuliza mumeo, mwambie kwa maneno uliyoniandikia mimi. Akisisitiza uvumilivu hata baada ya hapo, utalia, nami nitasikitika nawe, lakini usimngoje akupe ruhusa ya kwenda hospitali.

Kupigwa hukukutafuta. Hukumkosea kwa namna inayostahili kukabwa, maana hakuna kosa la namna hiyo. Ukilia huku anaendelea, alikuwa anasikia.

Hivi ndivyo ningependa ufanye wiki hii. Hospitali, kwa ajili ya koo. Kisha chagua saa ambayo hayupo, nenda kwa jirani, uombe simu yake, mpige kituoni pamoja. Kama hujui utaanzaje, sema hivi: "Mume wangu alinikaba koo. Bado naishi naye. Nataka kuzungumza na mtu, sitaki kushtaki kwa sasa." Sauti ikikukatika, mpe jirani simu ayaseme yeye, wewe ukae karibu yake. Na ukitaka kuniandikia tena, andika kwa simu hiyohiyo ya jirani.