Kijana wako anasoma 1984 darasani? Mwache asome

Mama uliyeuliza kama mwalimu wa Kiingereza anampotezea kijana wako wa kidato cha tatu muda kwa kuwasomesha 1984, riwaya ya George Orwell, ilhali si kitabu teule cha mtihani na "kimejaa giza", naomba nikujibu kwa kirefu. Mimi nilikisoma darasani, shule ya bweni hapa Nakuru, mwaka 2009, kidato hichohicho.

La mtihani tulimalize haraka. Hakitatoka. Wakati wetu karatasi ya tatu ya mtihani wa Kiingereza ilikuwa na alama 60, yaani insha moja ya kubuni na mbili za vitabu teule, 20 kila moja, na Orwell hakuwamo. Mwalimu wetu alikitengea kipindi kimoja tu kwa wiki, Ijumaa alasiri, nakala moja watu watano. Lakini kilitufundisha kusoma polepole kuliko mwongozo wowote niliowahi kununua. Sentensi ya kwanza pekee ilitumaliza kipindi kizima. Ni siku ya Aprili, kuna jua na baridi, na saa zinagonga kumi na tatu. Mmoja wetu akasema, "Madam, hiyo si ni saa saba mchana?" Akamjibu kwa swali: umewahi kusikia saa ikigonga mara kumi na tatu? Kimya. Ndipo tukang'amua kwamba katika nchi ile hata saa zimeguswa, na hakuna anayeshtuka.

Sasa hilo giza. Ni kweli limo. Winston Smith, mhusika mkuu, ameajiriwa kubadilisha magazeti ya zamani ili yakubaliane na kinachosemwa leo na Chama kinachotawala nchi ile. Mgao wa chokoleti unapunguzwa kutoka gramu 30 hadi 20, na kesho yake watu wanaandamana kushukuru kwamba umepandishwa hadi 20. Kuna mateso, na kuna mapenzi ya Winston na Julia yaliyoandikwa bila kufichwa sana. Afadhali ujue hayo kutoka kwangu kuliko uyakute ghafla ukifungua kitabu cha mtoto.

Lakini mimi kilichonishika ni Parsons. Ni jirani ya Winston, mtu mtiifu kwa Chama kupita kiasi. Katika sehemu ya tatu Winston anamkuta mahabusu. Amechongewa na bintiye wa miaka saba, aliyetega sikio mlangoni akamsikia baba yake akiweweseka usingizini na kumlaani Kaka Mkubwa, kiongozi wa Chama. Na Parsons hana hasira naye hata kidogo. Anajivunia mtoto wake!

Madam alitusomea ukurasa ule kwa sauti, akafunga kitabu, akauliza: nani hapa amewahi kuvaa diski?

Kwa asiyeijua, shule yangu ya msingi ilikuwa Vihiga. Diski yetu ilikuwa kipande cha ubao cha ukubwa wa kiganja, kimetobolewa na kutiwa kamba ya katani, kimekuwa cheusi kwa jasho la shingo za watoto. Ukisikika ukiongea lugha ya mama, unavishwa. Njia ya kuivua ni moja tu: umnase mwenzako naye akiongea, umvishe. Jioni, aliyebaki nayo anamtaja aliyempa, naye anamtaja aliyempa yeye, hivyo hivyo hadi wa kwanza wa asubuhi, na mstari wote unachapwa.

Nilikuwa darasa la tano. Saa tisa ilinikuta bado ninayo. Nikaificha ndani ya sweta, nikaenda kwenye mfereji, nikamkuta rafiki yangu tuliyekaa dawati moja ameinama anakunywa maji. Nikamuuliza kwa Kimaragoli kama mama yake amepata nafuu, maana alikuwa mgonjwa. Akainua uso, maji yanamdondoka kidevuni, akanijibu kwa Kimaragoli kwamba ameanza kula. Nikaitoa nikamvisha.

Jambo hilo nilikuwa sijamwambia mtu. Ijumaa ile mikono ikainuka darasani, Waluo, Wakisii, Wakalenjin, Wakikuyu, kila mmoja na ya kwao, wengine wakiiita monto. Kengele ililia hatukuondoka. Wiki chache baadaye tulipofika Chumba 101, pale Winston anaposogezewa kizimba cha panya usoni na kupiga kelele kwamba Julia ndiye afanyiwe hivyo, mwalimu hakuhitaji kutufafanulia kitu. Kitabu kilichoandikwa kisiwani Jura, Uskoti, kikachapishwa mwaka 1949, kilikuwa kinajua habari za mfereji wetu.

Likizo ya Agosti nikamsimulia baba kuhusu O'Brien, mtu wa Chama anayemwonyesha Winston vidole vinne na kumtesa mpaka avione vitano. Nilidhani atasema Wazungu wana mambo. Akaniuliza kama shuleni tumefundishwa habari za mlolongo. Mwaka 1988, katika mchujo wa KANU, chama kilichotawala Kenya wakati huo, watu walipiga kura kwa kupanga foleni hadharani, na sehemu nyingi za nchi mwenye foleni fupi ndiye aliyetangazwa mshindi. Baba alikuwa kwenye foleni ndefu. "Wale wengine hawakujaza hata matatu moja," aliniambia. "Tulitazamana, tukaenda nyumbani." Alikuwa kwenye kiti chake, sebuleni kwake, miaka 21 imepita, na bado alilisema hilo kwa sauti ya chini.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usimzuie, na usimwachie peke yake. Mwombe akusimulie sura aliyoimaliza, kwa Kiswahili au kwa lugha yenu ya nyumbani. Nawe mwambie ulichokiona ukiwa wa umri wake. Na umhimize asome kiambatisho cha mwisho, kile kinachoeleza lugha mpya ya Chama iliyobuniwa ili watu wakose maneno ya kufikiria uasi. Wengi hukiruka wakidhani ni sarufi tu. Kimeandikwa kwa Kiingereza cha kawaida, kwa wakati uliopita, kana kwamba lugha hiyo na wenyewe wameshapita, na wapo wasomaji wanaoona kwamba hapo ndipo Orwell alipoacha mlango wazi. Mimi ni mmoja wao.

Leo jioni muulize amefika wapi. Kama bado hajamkuta Parsons mahabusu, usimwambie kilichompeleka huko.