Kuku wa kuchona na mama wa unga

Juzi kijana mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, aliniandikia WhatsApp: «Yaya, niko na kompyuta, niko na Kifaransa kizuri, juu ya nini sipati wateja wa kuandikia matangazo?» Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mwaka 2021 mimi nilikuwa yeye.

Wakati ule nilikesha nikingoja umeme wa SNEL urudi, nitume barua kwa kampuni za Ubelgiji na Ufaransa. Nilimaliza mega za mwezi mzima. Alijibu mmoja tu, akataka makala 10 za majaribio, bure. Nikaandika zote. Usiniulize mwisho wake.

Mteja wa kwanza kunilipa alikuwa hatua chache toka kwetu, mama mwenye depo ya unga wa mahindi. Nilimpelekea tangazo la Kifaransa lililojaa «ubora» na «viwango». Akasoma, akaniangalia: «Ni nani anasemaka hivi?» Aibu gani! Lakini alinipa kiti. Nikakaa pale asubuhi mbili nikisikiliza wanunuzi. Hakuna aliyeuliza viwango. Waliuliza kama unga umechanganywa na muhogo, kama bukari yake, ugali wetu, inashikana, kama meka, kile kipimo cha unga, inajazwa kweli. Mama mmoja aliyetoka kugombana na muuzaji wa jirani alisema: «Mimi nataka meka ijae nikiiona!» Nikaandika: «Kwetu meka inajaa ukiiona.» Mwenye depo aliyachoresha maneno hayo ukutani. Alinilipa dola 15 na unga kidogo. Dola zilitangulia kuisha.

Miaka iliyofuata naipita, ilikuwa kuandika na kufuta.

Basi mdogo wangu, nenda sokoni kwanza, kompyuta itakungoja. Kila siku chagua tangazo moja la barabarani, liandike upya mara tatu, umsomee shangazi yako. Akiuliza «maana yake nini?», anza tena. Kifaransa chako kizuri kiweke akiba, kuna kampuni za migodi zitakihitaji, ila mama wa depo hauzi unga kwa Kifaransa. Sikiliza watu. Narudia, sikiliza.

Na uombe avansi! Hapa donda langu halijapona. Mwenye resto moja ya mjini alitaka maneno ya bango. Nikamtumia matoleo matatu kwenye simu. «Tutakuita.» Baada ya mwezi, niko ndani ya taksi-basi, naona bango lake: maneno yangu yote, hadi «kuku wa kuchona», kosa la kidole changu cha usiku wa manane. Nilipomwuliza, alisema ameandika mpwa wake. Mpwa naye kateleza kwenye herufi ileile, ajabu ya Mungu.

Tangu siku ile, nusu inaingia M-Pesa kabla sijagusa kalamu, na rasimu naionyesha mkononi mwangu, situmi. Utaniambia wateja watakimbia. Fundi wa kushona hakati kitambaa chako bila avansi na hakuna anayemnunia, sisi tunaona haya ya nini?

Wiki iliyopita mwenye resto ameniandikia tena, anataka maneno ya sikukuu za mwisho wa mwaka. Nimemjibu bei na namba ya M-Pesa, basi. Alama mbili za buluu zimetokea, amesoma. Jana nimepita pale: bango bado liko juu, na kuku bado ni wa kuchona.